Risasi ya Nne

Mume wangu Orrin ana bunduki kumi na tisa, na hakuna mbili zinazokula risasi ya saizi moja. Kaka yangu Verlin ana bunduki tatu, zote za saizi moja, na chini ya nyumba yake kuna masanduku ya chuma yaliyojaa risasi, yamepangwa mpaka yamegusa dari. Mimi nilikuwa na kibali kimoja cha kuwinda musi. Nikikwambia kwamba mwaka ule katika sisi watatu aliyekosa risasi ni mimi, utadhani nakutania.

Musi ni yule kulungu mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makoleo, apendaye kusimama majini mpaka magotini akila matete. Huku kwetu Montana hapigwi na yeyote anayejisikia. Kila mwaka unaingia kwenye kura ya serikali, na kila mwaka unaletewa jibu kwamba jaribu tena. Baba aliingia kura hiyo maisha yake yote akafa bila kuipata. Mimi niliipata nikiwa na miaka sitini na miwili. Na ukishaipata, wanakufungia miaka kadhaa kabla ya kukuruhusu kuomba tena, halafu ndipo unaanza upya kungoja bahati. Kwa umri wangu mambo yalikuwa wazi. Ama nimpate musi msimu ule, ama nisimpate kamwe.

Siku karatasi ya kibali ilipofika nilikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma nikacheka peke yangu. Nilitaka nimpige kwa bunduki ya baba, ile aliyoniachia, ambayo naijua kama ninavyojua jiko langu. Nilitaka nyama yake ijaze friza zote mbili. Zaidi ya hayo sikutaka kitu.

Sasa uwajue wanaume wangu hawa wawili. Kila Jumapili baada ya kanisa Verlin huja kula kwetu, na kabla hajavua kofia vita huwa vimeshaanza.

"Shemeji, umenunua nyingine?"

"Nimenunua."

"Inakula nini hiyo?"

Orrin hutaja saizi ambayo hata aliyeitengeneza nadhani ameisahau. Verlin hucheka mpaka anashika meza.

"Utaipatia wapi risasi? Utamwandikia barua marehemu?"

"Cheka tu," Orrin humjibu. "Siku maduka yakikauka, mimi nitakula chochote kitakachobaki rafuni. Ikibaki ndogo, ninayo bunduki yake. Ikibaki kubwa, ninayo. Wewe na hiyo tatu-sifuri-nane yako, ikikosekana umekwisha."

"Itakosekana vipi nami ninazo za kunizika? Akiba haiozi, shemeji."

"Na bunduki ikivunjika?"

"Ndiyo maana ninazo tatu."

Wanaendelea hivyo mpaka kahawa inapoa. Miaka nenda miaka rudi nimesikia maneno hayo hayo nikiwa naosha vyombo. Orrin ana karibu kila saizi iliyo duniani isipokuwa tatu-sifuri-nane, na hana hiyo kwa sababu moja tu, kwamba Verlin anayo. Angeweza kuipata kwa bei ya bure mara chungu nzima. Aliwahi kuletewa moja mpaka mlangoni, akamwambia mwenyewe airudishe ilikotoka.

Kisha ukaja mwaka wa maradhi na maduka yakakauka kweli. Kwanza watu walikomba karatasi za chooni, halafu wakakomba risasi. Ukiingia duka la zana za kuwinda kule mjini unakuta rafu tupu na kijana wa duka amekaa anatazama simu. Siku moja nilikuta boksi moja limebaki, peke yake kama yatima. Nikalisoma. Ilikuwa saizi ambayo hata Orrin hana. Nilisimama pale nikaona nadharia yote ya mume wangu imelala chini imekufa, na yeye mwenyewe hata hayupo kuizika.

Mimi sikuogopa. Kwenye droo ya chini ya kabati la ukumbini nilikuwa na maboksi mawili ya risasi za bunduki ya baba, thelathini-sifuri-sita, ambayo niliyaweka kabla dunia haijaharibika. Mwezi wa kumi, majani ya misonobari ile inayopukutika yalipogeuka rangi ya dhahabu mlimani, nikafungua droo nitoe chache nikaipime bunduki. Nikakuta soksi za Orrin.

"Orrin, risasi zangu ziko wapi?"

Alikuwa jikoni anapaka siagi kwenye mkate. Akaendelea kupaka muda mrefu kuliko mkate ulivyohitaji.

"Zipi?"

"Unazijua zipi."

"Ah, zile. Zile nilibadilishana. Mwezi wa tano. Kuna bwana mmoja kutoka ng'ambo ya mlima, alikuwa na shida nazo sana."

"Ulibadilishana na nini?"

Uso ukamng'aa, Mungu wangu, ukang'aa kama wa mtoto. Akaenda kwenye sefu yake akaniletea bunduki ya kijeshi ya Kiswisi, ya zamani, nzito, mbao yake imepakwa mafuta mpaka unaweza kujiona ndani yake.

"Angalia kazi hii, Arlys. Kwa maboksi mawili tu. Wakati wa kawaida nisingeipata."

"Na risasi zake?"

"Zitapatikana."

Sikumpiga. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wameniuliza. Nilirudi ukumbini nikakaa juu ya kiti cha kuvulia viatu, hasira imenijaa kifuani mpaka naisikia masikioni. Yeye alinifuata na bunduki yake mkononi, ananieleza jinsi kitasa chake cha kuingizia risasi kinavyovutwa moja kwa moja bila kupindishwa.

Tulizitoa zote kumi na tisa tukazipanga kitandani. Zile zenye risasi zilikuwa ndogo, za kumtisha mbweha na kuua panya wa shambani. Zile za kuangusha musi hazikuwa na kitu. Moja ilikuwa na risasi mbili, zimeota kutu ya kijani, na Orrin mwenyewe akasema hata yeye asingezipiga. Kitanda kizima kimejaa chuma, na mtu anaweza kufa njaa juu yake.

Nikaanza kuomba. Niliomba kanisani, niliomba posta, niliomba kwa mama anayeuza mayai. Kila niliyemwomba alicheka.

"Wewe, Arlys? Mke wa Orrin anaomba risasi?" Yule mama wa mayai alicheka mpaka akaweka trei chini. "Basi na mimi niombe maji kwa samaki."

"Nasema kweli. Nipe hata nne."

"Nenda huko. Nyumba yenu ikishika moto zimamoto watakimbia."

Hakuna aliyeniamini. Walidhani ni mzaha, au kwamba tunajaza ghala letu kwa kuwamaliza wao. Na waliobakiwa na chache walizificha kama watu wanavyoficha dawa ya mtoto. Msimu ukawa unakwenda. Theluji ya kwanza ikashuka ikayeyuka, ya pili ikashuka ikakaa.

Nikaenda kwa Verlin.

Kaka yangu si mtu mbaya. Alipofiwa na mkewe ndipo alipoanza kukusanya, na mimi sikumuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua. Alinishusha kule chini akawasha taa. Masanduku ya kijani ukutani kote, hewa ina harufu ya mafuta na makopo ya maharage. Akanitolea bunduki moja kati ya zile tatu, bado imefungwa kwenye karatasi ya mafuta ya kiwandani.

"Chukua, dada. Hii ni yako mpaka msimu uishe."

Kidogo nimkumbatie. "Imepimwa?" nikauliza.

"Ipimwe ya nini?"

"Verlin. Ina darubini juu. Umeshaipiga ukaona inapiga wapi?"

"Kupima ni kula risasi," akasema. "Zote tatu ziko hivyo hivyo, mpya kabisa. Sijazigusa."

Nilimtazama nikidhani atacheka. Hakucheka. Mtu ana risasi za kupigania nchi ndogo, na hajawahi kufyatua hata moja kwenye bunduki zake, asije akazipunguza. Sisi watu wa huku tunafundishwa tangu utotoni kwamba bunduki ambayo hujaipima ni fimbo yenye kelele. Darubini ikikaa pembeni kidogo tu, mnyama wa mbali humpigi moyoni, unampiga tumboni, naye anakimbia siku mbili kabla ya kufa kichakani. Baba alikuwa akisema anayefanya hivyo amwombe radhi mnyama kwanza, halafu Mungu.

"Basi nipe boksi moja niipime," nikamwambia.

Akafungua sanduku, akatoa tatu, akaziweka kiganjani mwangu moja moja.

"Moja ya kumuua, moja ya akiba, moja ya akiba ya akiba."

"Tatu hazitoshi, na wewe unajua. Una maelfu."

"Hizi si za kuwinda, Arlys."

"Ni za nini?"

"Za siku ile."

"Siku ipi?"

"Ikifika utaijua." Akafunga sanduku. Kisha nikaona kitu kinamjia usoni, kile kitu cha Jumapili mezani. "Lakini sikiliza. Orrin aje mwenyewe. Asimame pale kwenye ngazi aseme, Verlin, ulikuwa sahihi. Akisema hivyo nampa boksi zima, abebe."

Nilimpelekea Orrin ujumbe huo nikijua jibu.

"Nife kwanza," akasema.

"Usife. Sema maneno mawili tu uje na boksi."

"Arlys, mke wangu, niombe jambo lolote. Nifue, nipike, niende kanisani mara mbili kwa wiki. Lakini nikamwambie Verlin alikuwa sahihi? Atalisema mpaka kwenye mazishi yangu."

"Ulibadilisha risasi zangu."

"Na nimesema samahani."

Alikuwa hajasema. Akasema pale pale, na nadhani alimaanisha, lakini samahani haiingii kwenye chemba ya bunduki.

Nikaenda na risasi zangu tatu kwenye shimo la kokoto nyuma ya daraja, nikasimamisha kadibodi yenye duara, nikalala juu ya turubai nikapiga. Ya kwanza ikaenda kushoto na chini, nje kabisa ya duara. Nikazungusha skrubu za darubini, ngumu kwa sababu ya ile grisi ya kiwandani na baridi. Ya pili ikaruka kulia. Nimezidisha. Nikazirudisha nusu, kwa kukisia. Ikabaki moja mkononi.

Hapo ndipo nilipokwama, na ukielewa hapa umeelewa yote. Nikiipiga ya tatu kwenye kadibodi, nitajua kama bunduki imekaa sawa, lakini sitakuwa na ya kumpigia musi. Nisipoipiga, ninayo ya musi, lakini sijui itakwenda wapi. Nilihitaji risasi ya nne. Moja tu. Nililala pale juu ya turubai mpaka tumbo likaganda, natazama kadibodi ile yenye matundu mawili mabaya, nikawatukana wote wawili kwa majina yao kamili.

Alhamisi ya wiki ile ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na msimu ulikuwa unafungwa Jumapili yake. Nilichoma bata mzinga, nikaponda viazi, nikatengeneza pai mbili za boga. Wakaja mezani wamechana nywele. Verlin akasali, akashukuru kwa chakula na kwa familia. Niliacha waseme amina kwanza.

"Kaka, nina risasi moja na bunduki haijakaa sawa. Naomba moja zaidi. Moja tu, leo, hapa mezani."

Verlin akaweka uma chini. Hakunitazama mimi. Alimtazama Orrin.

"Aombe yeye."

Orrin alikuwa anatafuna. Akatafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Nipitishieni viazi," akasema.

"Umeona?" Verlin akaniambia. "Si mimi."

"Wewe ndiye uliye nazo," Orrin akamjibu. "Dada yako anakuomba. Unazihifadhia nini, pasaka?"

"Na wewe ungekuwa na bunduki moja ya maana badala ya maonyesho ya makumbusho, angeniomba nini mimi?"

"Ungekuwa na saizi mbili tu, mbili, ungeweza kumpa—"

"Ningekuwa na akili kama yako ningekuwa—"

Wakachanganyika, sauti zikapanda, bata akapoa. Nilikaa katikati yao nikagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyetaja neno musi. Nilikuwa nimejua kwa muda mrefu kwamba mabishano yale hayahusu uwindaji, ila sikujua kwamba hayanihusu hata mimi. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikanyanyuka, nikachukua pai zote mbili, nikazipeleka gereji nikazifungia kwenye friza tupu. Hakuna aliyekula pai mwaka ule.

Jumapili hatukwenda kanisani. Orrin aliendesha pikapu bila kuwasha redio. Nilikubali aje, maana musi akianguka anahitaji watu wawili na msumeno, na huko hakuna simu inayoshika. Tulizunguka kutwa kwenye mabonde ya juu. Tuliona nyayo, tukaona mavi, tukaona mahali alipolala na theluji ikayeyuka kwa umbo lake. Orrin alijitahidi. Alibeba mkoba wangu, akanimiminia kahawa, akaniuliza kama miguu imepata baridi. Nilimjibu ndiyo na siyo.

Jua likiwa limeshagusa mlima tukamwona. Dume. Alisimama kwenye mkondo wa maji kati ya matete, ubavu wake wote umeelekea kwetu, mvuke unamtoka puani. Pembe zake zilikuwa na theluji juu. Kati yetu na yeye kulikuwa na uwanda mtupu mweupe, kama hatua mia mbili, na upepo ulikuwa unatoka mgongoni kwetu. Tungesogea hatua kumi tu, angetunusa akakimbia.

Nikalala chini, nikaweka bunduki juu ya mkoba. Nikaingiza risasi yangu. Kwenye darubini alijaa kabisa, niliona hata sikio linavyocheza. Msalaba wa darubini ukatulia nyuma ya bega lake, mahali penyewe. Sijawahi kutulia vile maishani mwangu.

"Piga," Orrin akanong'ona.

"Sijui inapiga wapi."

"Yule ni kama ukuta wa zizi. Piga tu, Arlys."

"Nikimpiga tumboni?"

Musi akainama akanywa maji. Akainua kichwa, akakaa akitafakari mambo yake, akatupa muda wote ambao mtu anaweza kuomba. Nilikaza kidole, nikakilegeza. Nikakikaza tena. Niliyaona matundu yale mawili ya kadibodi, moja huku, moja kule, nikamwona yule mnyama anakimbia na utumbo wake msituni gizani. Nikaondoa kidole.

Alitoka majini polepole, akajikung'uta, akaingia kwenye misonobari. Matawi yakafunga nyuma yake.

Tulibaki tumelala pale. Kisha Orrin akakohoa kidogo.

"Unajua," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyefikiria sana, "nadhani kweli tunahitaji kuwa na moja ya saizi hiyo. Nitatafuta."

Upande wa pili wa mkondo, umbali ule ule aliosimama musi, kulikuwa na msonobari mkavu wenye kifundo cheusi saizi ya sahani ya chai. Mwanga bado ulikuwepo. Nikarudisha shavu kwenye mbao ya bunduki, nikauweka msalaba juu ya kifundo, nikapumua, nikapiga. Mlio ukazunguka bonde zima ukarudi.

Orrin alikwenda kutazama. Alivuka mkondo kwa kukanyaga mawe, akachukua muda mrefu. Akafika kwenye mti, akavua glavu, akaingiza kidole kwenye tundu. Lilikuwa katikati kabisa ya kifundo. Nililiona kwenye darubini, na nikamwona yeye amesimama na kidole chake mle ndani, hageuki.

Aliporudi alikuwa bado na glavu mkononi. Nilimpa bunduki ya Verlin aibebe, nikatangulia garini, nikalia kwa hasira mpaka tulipofika barabara ya lami.